NJIA YA WAYA MLIMANI: WENYEJI WAULIZWE KWANZA

Liko jambo linalosemwa chini chini katika vijiji vya kando ya Kilimanjaro, na siku za soko husemwa kwa sauti kubwa. Ni lile shauri la kujenga njia ya magari ya waya mlimani. Mwaka 2019 wakuu wanaosimamia utalii walitangaza kwamba shauri hilo linachunguzwa, na upande uliotajwa ni ule wa Machame. Mwaka 2022 wenye kampuni za kupandisha wageni walilipinga waziwazi. Tangu hapo habari hii imekuwa kama mawingu ya vuli: leo yamekusanyika, kesho yametawanyika, na mkulima hajui kama apande au angoje.

Twasema mapema ili tusieleweke vibaya. Gazeti hili si adui wa maendeleo. Barabara, umeme, shule na zahanati twavitaka, na tutaendelea kuvidai. Lakini maendeleo ambayo mwenyeji huyasikia redioni kama mtu wa mbali, hali yanajengwa juu ya paa la nyumba yake, hayo yana kasoro, na kasoro hiyo yafaa itengenezwe mapema, kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa.

Tulizungumza na mama mmoja mkazi wa Machame, ambaye kihamba chake kiko chini kidogo tu ya msitu. Anayo migomba, kahawa kidogo, ng'ombe wawili wa ndani, na mwana wa kiume ambaye ni mpagazi mlimani. Tulipomwamkia na kumweleza kazi yetu, alitukaribisha, akatuita wanawe, kisha akatuuliza maswali manne. Nguzo hizo zitasimama wapi, na miti mingapi itaanguka? Maji ya mfongo yatakuwaje? Gari likipita juu ya kichwa cha kijana wake, yeye atabeba nini? Na la mwisho: ni nani aliyeulizwa?

Maswali hayo manne hayakutoka katika kitabu, wala mama huyo hakufundishwa na mtu ye yote. Twaona kwamba yanatosha kuwa mtihani wa shauri lote. Basi na tuyachukue moja moja.

Msitu na maji

Watu wengi wanapotaja Kilimanjaro hufikiri barafu. Ni kweli barafu ni fahari yetu, na ni huzuni yetu pia, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Lakini mwenyeji wa mlima ajua kwamba maji anayokunywa yatoka hasa katika msitu. Ukungu na mvua hunaswa na miti mikubwa, na kuvu na majani yanayoning'inia katika matawi. Kisha maji hushuka ardhini polepole na kutokea katika chemchemi. Ndiyo maji ya Weruweru na Kikafu. Ndiyo yanayoingia katika mifongo, ile mifereji ambayo babu zetu waliichimba kwa majembe na kuigawana kwa zamu, kabla ya serikali yo yote ya kigeni kufika hapa.

Maji hayo hayaishii Machame. Yakitoka hapo hushuka kwenye mashamba ya mpunga na miwa katika tambarare, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huwa mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme hata kufika baharini. Kwa hiyo anayekata mti mmoja juu Machame amegusa taa ya mtu aliye mbali sana, ambaye hajui hata jina la kijiji hicho. Mkoa wa Kilimanjaro peke yake una watu zaidi ya 1,800,000 kwa hesabu ya mwaka 2022. Hawa wote wanalo neno la kusema juu ya msitu huu.

Wanaolitetea shauri wanasema kwamba nguzo ni chache, na waya hupita juu ya miti. Huenda. Lakini nguzo haikui kama uyoga. Yahitaji msingi, na msingi wahitaji saruji na kokoto, na vitu hivyo lazima vifikishwe mahali pake. Vikienda kwa gari, patafunguliwa barabara ndani ya msitu. Vikienda kwa ndege, tuambiwe hivyo. Kituo cha juu chahitaji vyoo, maji, umeme na mahali pa kutupa taka. Mambo haya ndiyo yanayoumiza msitu kuliko waya wenyewe, na haya ndiyo mwananchi anayotaka kuyaona katika ramani.

Tena msitu wetu hatujaumaliza kuujua. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro umesimama mti wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopata kupimwa katika Afrika. Mti huo ulikuwapo miaka mamia, na dunia haikuwa na habari zake. Humo humo wanaishi mbega, na minde, mnyama ambaye hapatikani katika nchi nyingine ye yote ila Tanzania. Mtu mwenye busara hapitishi panga katika ghala ambalo hajalihesabu.

Hesabu ya kazi

Sasa twaja katika swali la kijana mpagazi. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba jambo likiwa gumu kulieleza kwa maneno, liandikwe ubaoni kwa tarakimu. Basi na tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu.

Wageni kumi wanapanda kwa njia ya Machame, safari ya siku saba. Kila mgeni anahitaji wapagazi watatu wa kubeba mizigo yake, hema, chakula na maji. Hao ni wapagazi 30. Ongeza viongozi watatu na mpishi mmoja, jumla watu 34. Zidisha kwa siku saba: ni siku 238 za kazi. Nyuma ya siku hizo 238 yuko mama aliyeuza viazi na mayai, yuko fundi aliyeshona begi, yuko dereva, yuko mwenye nyumba ya kulala wageni, na wako watoto waliolipiwa sare na madaftari.

Wageni kumi hao hao wakipanda gari la waya, watapanda asubuhi, watapiga picha, watashuka, na jioni watakuwa wamekwisha ondoka Moshi kwenda kwingine. Watakuwa wamelipa, hatukatai. Lakini fedha yao itaingia katika dirisha moja la tiketi, na kutoka dirisha hilo itakwenda kwanza kulipa deni la mitambo, ambayo haitengenezwi Hai wala Moshi. Kilimanjaro haukuzi uchumi wa wenyeji kwa sababu ni mrefu tu. Huukuza kwa sababu mgeni hutumia siku nyingi juu yake, na kila siku ina watu wake.

Watatujibu kwamba gari la waya ni la wazee, walemavu na wale wasioweza kupanda kwa miguu. Kwamba hao ni wageni wapya juu ya wale 50,000 hivi wanaopanda kila mwaka, na hakuna mpagazi atakayepoteza kazi. Hoja hiyo ni ya haki, na hatuna kusudi la kuidharau. Mzee wa Kitanzania ambaye hajapata kuikaribia Kibo naye anayo haki ya kuuona mlima wake. Lakini twauliza: ni nani atakayesimama mlangoni akimrudisha kijana mwenye miguu mizima? Na bei ya tiketi itakuwa ya mzee wa Kitanzania, au ya mtalii wa ng'ambo? Kama shauri hili lina nia ya kumsaidia asiyejiweza, nia hiyo iandikwe katika masharti yake. Nia isiyoandikwa haimlindi mtu.

Watasema tena kwamba nchi nyingine zina magari ya waya milimani na hazikuharibika. Ni kweli. Pale Cape Town liko gari la waya tangu mwaka 1929 katika Mlima wa Meza. Lakini kilele cha mlima huo kina mita 1,085 hivi tu. Lango letu la Machame, ambapo mgeni anaandika jina lake kabla hajaanza hata kupanda, liko kwenye mita 1,800 hivi. Mahali wao wanapomalizia, sisi bado hatujaanza. Na kuanzia mita 2,500 hewa huwa nyepesi hata ikawadhuru watu wengi: kichwa huuma, tumbo huchafuka, na kwa wengine maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na mtu hufa. Dawa iliyo bora, ambayo wapagazi wetu wameifundisha dunia nzima, ni maneno mawili: pole pole. Mwili wahitaji siku za kuzoea. Gari la waya halijui pole pole. Litampandisha mzee mwenye moyo dhaifu kwa dakika chache mpaka mahali ambapo kijana hodari hufika kwa siku mbili. Basi ni daktari gani atakuwa juu akimngoja? Swali hili halijibiwi kwa picha nzuri za rangi.

Mzigo na heshima

Liko jambo moja ambalo yatupasa kulisema kwa moyo mweupe, maana linawasumbua vijana wengi wa chama, na limetusumbua sisi wenyewe. Wako wanaosema: je, wazee wetu walipigania uhuru ili Mwafrika aendelee kubeba begi la Mzungu kichwani? Picha za wakoloni zimejaa safu za watu weusi wenye mizigo, na mbele yao bwana mmoja mwenye fimbo. Je, si afadhali chuma kibebe, na mtu apumzike?

Swali hili lina uzito, na asiyeliona ni kipofu. Kazi ya mpagazi ni ngumu. Sheria ya hifadhi husema mzigo usizidi kilo 20, lakini mizani ya langoni na mizani ya njiani si rafiki kila siku. Wako vijana wanaopanda na viatu vilivyotoboka, wanaolala wengi katika hema moja, na wanaorudi chini wakakuta malipo yamepungua kuliko walivyoahidiwa. Wako waliokufa kwa baridi. Hayo ni aibu yetu, na hatuwezi kuyasingizia ukoloni, maana baadhi ya wenye kampuni hizo ni ndugu zetu.

Lakini dawa ya unyonge wa mpagazi si kumwondolea kazi. Mkulima anayenyonywa na mnunuzi wa kahawa hasaidiwi kwa kung'olewa mibuni. Wazee wa mlima huu walilijua hilo kabla yetu. Walipotaka bei ya haki waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, ambao sifa zake zilienea Afrika nzima. Heshima yao haikuletwa na mashine. Ilipatikana kwa kushika wenyewe mizani, daftari na ufunguo wa ghala. Mpagazi naye akiwa na chama chenye nguvu, mkataba ulioandikwa, viatu, koti na malipo yanayotoka mkononi mwake mwenyewe, mzigo ule ule wa kilo 20 huwa kazi ya mtu huru.

Ni nani aliyeulizwa?

Sasa swali la nne, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote.

Historia ya mlima huu ni historia ya watu kuamuliwa. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni, na kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani, hali wenyeji kama Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kuwaongoza wageni hao, hawakuulizwa mlima wao uitweje. Mwaka 1921 Waingereza waliutangaza msitu kuwa wa serikali. Mwaka 1941 ndipo walipoona kwamba watu hawawezi kuishi bila kuni na majani ya ng'ombe, wakatenga ule ukanda wa nusu maili chini ya msitu, wenyeji wapate mahitaji yao. Baada ya uhuru nchi ilijitwalia mlima wake: Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 dunia ikaukubali kuwa urithi wa wote. Mwaka 2005 msitu nao uliingizwa katika hifadhi, na tangu hapo nusu maili imekuwa jambo la kuvutana kati ya wanakijiji na askari wa hifadhi.

Tunakubali kwamba msitu lazima ulindwe, na kwamba wako wenzetu walioukata bila huruma. Lakini tazama jinsi mama yule wa Machame anavyoliona jambo hili. Yeye akikutwa na mzigo wa kuni kavu anaulizwa kibali. Anaambiwa msitu ni mtakatifu, hata tawi lisiguswe. Kesho anasikia kwamba katika msitu huo huo zitasimamishwa nguzo za chuma, na mwenye nguzo anaitwa mwekezaji. Je, tutamlaumu akisema kwamba sheria ina macho mawili? Hifadhi ya kweli haiwezi kudumu ikiwa mlinzi wake wa kwanza, yaani mwenyeji, anaona kwamba makatazo ni yake na ruhusa ni za wengine.

Na mwenyeji ndiye mlinzi wa kwanza kwa matendo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020, moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya nyika ya juu, wanakijiji walipanda pamoja na askari na wanafunzi kwenda kuuzima. Ilisemwa kwamba moto huo ulianzia mahali pa kupumzikia wapandaji. Twalitaja hili kwa haki, maana njia ya miguu nayo ina madhara yake, na wenye kuitumia wasijifanye malaika. Lakini moto ulipowaka haikuulizwa nani ana hisa. Waliitwa wenyeji, nao wakaenda.

Tusisahau pia jirani zetu wa Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Waliamuliwa bila kukubali. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuyasema madai yao, na sauti yake iliamsha Tanganyika yote. Hatusemi kwamba serikali yetu leo ni kama ile. Kusema hivyo kungekuwa matusi na uongo. Twasema kwamba nchi iliyozaliwa kutokana na kilio cha watu wasioulizwa, yapaswa kuwa ya kwanza katika kuuliza.

Kuuliza hakuleti hasara. Mwaka 2010 lilitangazwa shauri la barabara kuu kupita kaskazini ya Serengeti, katika njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja. Watu waliuliza, wakabishana, na tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikazuia barabara ya lami kupita humo. Nchi haikuanguka, na wageni hawakukoma kuja.

Tunalotaka

Basi twaweka madai yetu waziwazi, kila mtu ayasome.

Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka miradi mikubwa ipimwe athari zake, na wananchi wasikilizwe. Upimaji huo ufanywe, na matokeo yake yaandikwe kwa Kiswahili, si kwa lugha ambayo mama wa Machame hawezi kuisoma. Yasomwe katika mikutano mikuu ya vijiji, pamoja na ramani inayoonyesha kila nguzo na kila chemchemi.

Pili, itolewe hesabu ya kazi: ngapi zitapotea, ngapi zitapatikana, na za nani. Kazi ya fundi aliyeletwa kutoka nje isihesabiwe kuwa kazi ya kijana wa kijijini.

Tatu, wapagazi na viongozi wao wajiunge katika vyama vyenye nguvu, wala wasingoje kuundiwa. Nao wakae mezani shauri hili linapozungumzwa, wenye haki ya kusema ndiyo na haki ya kusema hapana.

Nne, lifikiriwe kama fedha hizo hazingefanya kazi bora zaidi katika njia zilizopo: vyoo safi, vibanda imara, vyombo vya kuokoa wagonjwa, na mavazi ya wapagazi. Na kama majibu ya maswali haya yataonyesha kwamba hasara ni kubwa kuliko faida, shauri liachwe, na wakuu wasione haya kuliacha. Kubadili nia baada ya kusikiliza wananchi ni sifa ya kiongozi.

Ninyi wananchi wa Hai, Moshi, Rombo na Siha, hili si la kulalamikia vilabuni tu. Katiba, katika ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asili ya nchi. Mkutano wa kijiji ukiitwa, nendeni. Kama hauitwi, mwambieni mwenyekiti auite. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni mpaka mjibiwe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe njia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda na wenzake waliupandisha Mwenge na bendera ya taifa mpaka kilele cha Kibo, na kilele kile kikaitwa Uhuru. Walipanda kwa miguu, katika baridi na theluji, hatua kwa hatua, na nchi nzima ikapanda pamoja nao moyoni. Mlima huo ulituambia siku ile kwamba sisi ni wenye nchi. Leo mama mmoja wa Machame anauliza kama habari hiyo yamhusu na yeye. Ana haki ya kujibiwa kabla shimo la kwanza halijachimbwa.